Mwenye Jina Alitaje

Bariadi, 16 Februari 2025

Shikamoo Sengi,

Shikamoo hii inakuja kwa fuso la mwanao Marcelo, maana simu umeikataa kabisa. Sigombani na wewe. Nimechukua kalamu na bahasha kama mtu wa zamani, na mkono umeanza kuuma kabla sijafika kwenye habari yenyewe.

Huku hatujambo. Mvua inanyesha vizuri. Baba anakusalimu sana, wewe dada yake. Mguu wake unaendelea kupona, ila nikiwa kazini anapanda baiskeli na kudhani sijui. Yule ng'ombe wako wa mabaka amezaa? Nilikuuliza kwenye simu siku ile ukanijibu kwamba Marcelo hajafika.

Sasa jambo lililonikalisha chini. Tangu mwaka uanze nakaimu uinchaji wa wodi ya wanaume hapa hospitali ya Mtakatifu Mektilda. Matroni amesema ataniangalia hadi katikati ya mwaka, ndipo aamue. Kazi naiweza, Sengi, sitajifanya mnyonge kwako. Dawa nazijua, na zamu nazipanga bila mtu kununa. Kinachonishinda ni ukimya. Wauguzi wangu wanajua mengi na hawaambiani. Deogratias, aliyetutangulia sote hapa, anasafisha vidonda vya miguu ya wagonjwa wa kisukari mpaka vinafunga, vidonda ambavyo kwa mtu mwingine mguu ungekatwa. Lakini akianza kazi huvuta pazia, na akitoka hakuna aliyeona amefanya nini. Wadogo wakimuuliza anawaambia, "Mtafika na nyie."

Wiki iliyopita ukimya huo ulitaka kuniulia mtu. Asubuhi Nyanjige, muuguzi kijana, hodari kuliko umri wake, alikuwa anamkabidhi Deogratias zamu. Akasema mzee wa kitanda cha dirishani sukari imepanda, sindano yake ya insulini bado. Asichosema ni kwamba mvua ilikuwa imeingia dirishani, na wazee wawili walikuwa wamebadilishana vitanda, mmoja akikimbia maji, mwingine akifuata hewa. Deogratias akaenda na sindano yake moja kwa moja hadi dirishani. Aliyelala pale ni Mzee Mwandu, hana kisukari wala dalili yake, amelazwa kwa homa ya mapafu. Sindano ile ingeishusha sukari yake mpaka azimie, na pengine asiamke. Kilichomwokoa ni mdomo wake. Alisema, "Mwanangu, hiyo ni ya nani? Mimi nimekuja na kifua."

Nilifoka, Sengi. Nilifokea pale pale koridoni, ndugu wa wagonjwa wanasikia. Kisha nikawataka wote wawili barua za kujieleza. Wameandika sentensi moja, kama waliokaa dawati moja: naomba radhi, halitajirudia. Hakuna anayesema kwa nini lilitokea. Na mimi ninataka kitu kimoja tu kwenye wodi ile, watu waseme wanachokijua, kabla hajafa mtu. Wewe uliongoza wodi miaka mingi pale Maswa. Ungefanyaje?

Mwanao,
Benedikta


Ipililo, 9 Machi 2025

Ng'wanone Benedikta,

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma barazani na nimeirudia, maana mwandiko wako umeharibika tangu uwe bosi. Mimi mhola, mzima kabisa. Ng'ombe amezaa, ndama jike, ana mabaka ya mama yake. Pamba nayo imesimama vizuri, wadudu tumewawahi. Michembe ya viazi vikavu iliyo kwenye kiroba ni ya baba yako, usiile yote. Mwambie kaka yangu nimesikia habari za baiskeli na nitakuja kuitoa matairi.

Umeniuliza ningefanyaje. Wodi yangu mimi ilikuwa nikitokea mlangoni hata vijiko vinatulia. Sikuchekeana na mtu. Kwa hiyo kufoka hukukosea, ulikosea kufokea koridoni. Mtu mzima mfokee ofisini, mlango umefungwa, kisha mpe chai. Umri wa Deogratias si wa kusemwa mbele ya watoto. Naye mwambie kwa niaba yangu kwamba ana mdomo, angeuliza jina la mgonjwa kabla ya kuinua sindano. Hilo halina zamani wala kisasa.

Lakini kuna jambo limenikwaruza kwenye barua yako. Umenitajia Mzee Mwandu, aliyeponea chupuchupu. Yule mwingine, mwenye sukari yake, hukumtaja jina. Anaitwa nani? Na huyo Nyanjige ameolewa? Kwa nani?

Usinijibu kwa simu. Zinakwaruza siku hizi, zote.

Sengi wako,
Specioza Mboje


Bariadi, 15 Machi 2025

Shikamoo Sengi,

Tumefurahi kwa ajili ya ndama. Michembe imefika na baba ameificha chumbani kwake.

Nilipanga kukuandikia kwa adabu, ila leo nina hasira na hasira itaonekana. Nimefuata ushauri wako. Nimewaita ofisini mmoja mmoja, mlango umefungwa, chai ipo. Deogratias amekunywa chai yote, akashukuru, akaondoka. Nyanjige hakuigusa. Nilimuuliza, "Kwa nini hukusema jina? Ungesema jina tu, tusingefika huku." Akatazama viatu vyake. Nikamwambia kwamba asiposema nitampeleka kwa matroni. Akasema, "Nipeleke tu, dada." Binti huyo huyo mgonjwa akibadilika pumzi ndiye wa kwanza kuniita. Anachonificha sikijui.

Na wewe unaniuliza habari za ndoa. Mzee mwenye sukari anaitwa Masele. Nyanjige ameolewa Mwanhuzi, kwa wafugaji, mwaka juzi. Mume anaitwa Mihayo, yuko huko na mifugo. Baba mkwe simjui. Vinahusiana nini na sindano ya insulini?

Barua ya kwa matroni nimeshaiandika. Nitaipeleka Ijumaa ya wiki ya mwisho wa mwezi.

Benedikta


Ipililo, 23 Machi 2025

Ng'wanone,

Salamu zitangoja. Marcelo amesimamisha fuso njiani hapo na anapiga honi, wananiambia.

Barua ya matroni ichane. Muulize mtu wa Mwanhuzi, au yeyote anayeijua ile familia, baba yake Mihayo anaitwa nani. Mimi nakwambia kabla hujauliza: anaitwa Masele. Na kama ndivyo, binti huyo hawezi kulitoa jina hilo mdomoni, hata umpe chai ya maziwa. Mkamwana hataji jina la baba mkwe, na mwingine akiwa na jina hilo hilo naye halitaji. Nyumba nyingi siku hizi hawajali, na wengine wanatania nalo. Lakini kuna nyumba za wafugaji ambako mama mkwe humkalisha mkamwana siku ya kwanza na kumfundisha, naye analibeba. Atasema mzee wa dirishani, mzee mwenye koti, mzee wa mwisho. Jina hasemi.

Wewe ungelijuaje? Umekulia Dar, na kuolewa hujaolewa, na tumechoka kungoja. Nakutania. Nusu.

Usimwambie aliache. Akiliacha kwa kukuogopa wewe, kesho ataanza kukuficha mengine.

Sengi


Bariadi, 27 Aprili 2025

Shikamoo Sengi, na wabeja, asante sana,

Nimechelewa kwa sababu nilitaka kukuandikia nikiwa na cha kusema, na leo ninacho. Kwanza baba: matairi ya baiskeli nimeyatoa mwenyewe. Ameninunia kuanzia Jumapili ya Matawi hadi Pasaka, kisha nyama ya Pasaka ikatupatanisha.

Ulichosema ndicho, na barua ya matroni nimeichana. Sikumuita ofisini safari hii. Nilimkuta stoo ya mashuka anakunja, nikachukua ncha mbili za shuka lake tukakunja pamoja. Nikamwambia, "Nyanjige, nimesikia jina la baba mkwe wako. Sitakuomba ulitaje." Alisimama na lile shuka mkononi, akalia kidogo. Kisha akaongea kuliko nilivyowahi kumsikia. Alisema, "Dada, mimi najua kitabuni imeandikwa jina. Ila mama mkwe alinishika mikono akanifundisha. Nikilitaja, halafu mtoto wangu akaumwa, yule mama nitamtazamaje?" Nikamuuliza mbona hakuniambia mapema. Akasema angeniambia, ila mimi natoka Dar, aliogopa nitamcheka.

Hapo palinichoma, Sengi. Nilikuwa nadhani wananificha, kumbe walikuwa wananiogopa kwa namna ambayo sikuijua.

Nikalala na hilo jambo, na nilipoamka nikawa nalo jibu. Kwa nini jina la mgonjwa atutajie muuguzi wakati mwenye jina yupo pale, macho yamemtoka? Tumeacha kukabidhiana zamu mezani. Sasa wanaotoka na wanaoingia tunatembea wote kitanda hadi kitanda, faili mkononi, na mgonjwa anajitaja mwenyewe: jina, anakotoka, anachoumwa. Jina analolitaja tunalifuata kwenye faili, kisha muuguzi anaeleza mengine. Asiyeweza kusema anasemewa na ndugu yake. Mgonjwa akishasema, hakuna aliyebaki na la kukisia.

Asubuhi ya kwanza Mzee Masele alikaa sawa, akafunga kifungo cha shati na kusema kwa sauti ya mkutano, "Mimi Masele, natoka Maswa, naumwa sukari." Nyanjige alikuwa anatazama dripu, lakini alikuwa anatabasamu. Mzee Mwandu naye, aliyerudishwa wodini na kifua kile kile, hakukubali kupitwa. Alijitaja, akataja kijiji, kifua chake na ng'ombe zake, na tulipomaliza wodi nzima alitaka aanze upya kwa sababu kuna ndama alimsahau.

Nami nilijifunza kwamba watu wakishasimama pamoja kitandani, maswali yanakuja yenyewe. Nyanjige aliulizwa anaonaje mishipa ya mgonjwa aliyekaukiwa maji, akawashika vidole na kuwaonyesha mahali pa kupapasa. Deogratias alikuwa nyuma kabisa, amekunja mikono. Nikamfuata na kumwambia mbele ya wote, "Kaka, mimi ndiye inchaji na kidonda cha mguu sikijui kama wewe. Nishike mkono." Alikunjua mikono. Kisha akasema, "Chukua bakuli." Nikapiga magoti na bakuli langu chini ya ule mguu, na yeye akaanza kazi, mkono wake kimya kabisa. Alipofika nusu akageuka, akawaona wale vijana wamesimama mbali, akasema, "Mnaona nini huko? Sogeeni." Pazia lilibaki wazi, Sengi. Tangu siku ile hajalivuta isipokuwa mgonjwa mwenyewe akiomba.

Matroni alikuja asubuhi moja, akasimama mlangoni, akaondoka. Wiki iliyofuata wodi ya wanawake nayo ikaanza kutembea vitandani. Kwa hiyo sina wasiwasi na katikati ya mwaka.

Nina ombi sasa. Baba husimulia kwamba pale Maswa ulikuwa unasimama mlangoni na, kabla hujaona sura ya mtu, unasema ni kitanda gani pumzi imeharibika. Kwamba ulikuwa unaisikia. Vijana wangu hawajui hilo, mimi mwenyewe silijui. Njoo Bariadi, ukae kwetu hata wiki, utembee nasi asubuhi. Nimeshawaambia unakuja, na Deogratias amesema atapiga pasi koti lake.

Benedikta wako


Ipililo, 25 Mei 2025

Ng'wanone Benedikta,

Marahaba. Nimefurahi kwa ajili yako na nimewasomea barua yako majirani wawili, ambao hawakuiomba. Hilo la mwenye jina kujitaja ni zuri. Mimi nisingeliwaza, na siyo jambo ninalolisema mara nyingi. Nyanjige mpe salamu zangu. Mzee Mwandu mwambie alete huyo ndama tumwone.

Kuja siwezi. Pamba imepasuka, na unajua vibarua wasiposimamiwa wanachuma na majani. Ndama naye bado mdogo. Halafu paa la jikoni linataka bati. Isitoshe, watu wenu wamesoma, mna mashine za kupimia pumzi siku hizi, mzee wa nini? Kijana akitaka kusikia pumzi, avae kile chombo masikioni asikilize.

Kwaya nimeiacha. Nimepumzika tu, sauti za wale watoto zimekuwa nyembamba mno. Padri amenipa benchi la mbele, karibu kabisa na altare, na anahubiri vizuri nikimtazama.

Usiniulize tena habari ya kuja. Nitakutumia nsansa, yale majani makavu ya kunde, msimu ukiisha.

Sengi


Bariadi, 8 Juni 2025

Shikamoo Sengi,

Baba mzima. Baiskeli amerudishiwa matairi kwa masharti na masharti ameshayavunja.

Matroni ameamua. Mimi ni inchaji kamili. Alinipa barua akasema, "Umewafanya waseme," akaendelea na kazi zake. Nilitaka uwe wa kwanza kujua baada ya baba.

Nimesoma barua yako mara nyingi. Nimesoma na zile za nyuma. Nimekumbuka ng'ombe na Marcelo, na simu zote zinazokwaruza, na honi uliyoambiwa na watu kwamba inapigwa. Nikamuuliza Marcelo juzi alipoleta mzigo. Akashika usukani na kusema, "Muulize mama mwenyewe," nawe unamjua Marcelo, si kawaida yake kubana neno.

Mimi ni muuguzi, Sengi. Kuna jambo nalijua. Nilikaa niliandike hapa, nikaliandika, kisha nikachana karatasi na kuanza hii. Sitalitaja. Nyanjige nilimbana mwezi mzima aseme kitu ambacho kilikuwa hakisemeki kwa kubanwa, na sitarudia kwako. Wodini kwetu mwenye jina ndiye anayejitaja, na sisi tunasimama tukingoja mpaka amalize.

Nikwambie tu mambo mawili halafu ninyamaze. Tunapokabidhiana sasa, kila mtu anamtazama usoni anayeongea naye, maana wazee wetu wengi wa wodini hawapati maneno yakisemwa kwa kugeuka pembeni. Tumezoea. Hakuna anayeona taabu. Na la pili, nakuhitaji. Si kwa heshima ya kumkaribisha mzee apewe soda. Tumempoteza mgonjwa mwezi uliopita, mtu wa makamo, pumzi yake ilibadilika taratibu mchana kweupe na tulikuwa tunapita pale pale. Hakuna aliyezembea. Hakuna aliyejua cha kutafuta. Mashine tunayo moja na ilikuwa kwa mwingine. Mwandamizi wa vijana wangu alilia chooni na mimi nililia nyumbani. Ungekuwepo wewe, nadhani ungejua.

Nakungoja. Pamba ina mwisho wake.

Benedikta


Ipililo, 20 Julai 2025

Ng'wanone,

Nimekaa na barua yako mpaka pamba yote imekwenda kwenye mizani, ndama amekua, na bati la jikoni limepigwa. Sababu zote zimeniishia. Ulinikasirisha sana. Nilimwambia Marcelo asibebe tena barua zako, na akazileta salamu zako kwa mdomo, kwa kunisogelea usoni na kusema polepole, mwanangu mwenyewe, kama ninavyosemeshwa na padri. Ndipo nikajua wote mnajua na mmekuwa mkinistahi. Niliona aibu, Benedikta. Mtu aliyesifiwa kwa masikio yake maisha yote, aje asimame mbele ya watoto wa watu, wamuulize swali, ajibu jingine, wacheke. Hilo ndilo nililolikimbia. Pamba ilikuwa pamba tu.

Halafu nikafikiri habari ya yule mgonjwa wenu, wa mchana kweupe.

Kuna jirani yangu hapa, ana mjukuu mwenye kifua kibovu. Mwezi huu alinipeleka kwa mtoto. Sikusikia kitu. Nikamtazama. Nikaona shimo la juu ya mfupa wa shingo linavyoingia, pua inavyopanuka, tumbo linavyokwenda kinyume na kifua, na kidole kilivyopauka kwenye ukucha. Nikamwambia mpelekeni sasa hivi, wakampakia kwenye pikipiki, na mtoto amerudi anacheza. Nilipofika nyumbani nikakaa. Pumzi ambayo nilikuwa naisikia mlangoni, siku hizi naiona. Sijui ilianza lini. Labda jicho lilimwonea sikio huruma.

Hilo naweza kuwafundisha. Waambie wasivae chombo chochote masikioni asubuhi hiyo, watazame kwanza.

Marcelo ananileta Jumatatu ya wiki ijayo. Usitume mtu kunipokea, njoo wewe. Na tukifika wodini usinitambulishe. Mimi nitasimama kitanda cha kwanza kama wagonjwa wako wanavyofanya, niseme mwenyewe, na nyie mtasimama mningoje mpaka nimalize. Nimefanya mazoezi mbele ya ng'ombe, naye hakucheka:

Mimi Specioza Mboje, natoka Ipililo. Sikio la kulia limekufa, la kushoto linachechemea. Simameni upande huu.